Mwongozo Unaofunguka Bila Mtandao

Mpira wa pinboli haumsubiri msomaji. Ukishasukumwa na ile chemchemi ya upande wa kulia, unapanda juu ya ubao, unagonga huku na kule, unarudi, na ndani ya sekunde chache unaweza kuwa umeshapita katikati ya flipa mbili za chini, zile fimbo za kuupigia, na kupotea. Ndiyo maana mwongozo wa meza ya pinboli una usomaji wake. Husomwa kabla ya mchezo, husomwa kati ya mpira na mpira, na mara nyingi husomwa haraka haraka, mchezo ukiwa umesimamishwa na kidole kikingoja juu ya kitufe. Anayeuandaa mwongozo ili ufunguke kwenye simu au kompyuta isiyo na mtandao anamwandalia msomaji wa namna hiyo. Nimezipitia nakala nyingi za aina hii, na zile nzuri naziweka miongoni mwa kazi safi kabisa zinazofanywa na watu wasiolipwa.

Chukua meza ya The Addams Family. Ilitoka Chicago mwaka 1992 kwa jina la Bally, mbunifu wake Pat Lawlor, na zilitengenezwa meza 20,270. Raul Julia na Anjelica Huston, nyota wa filamu iliyotoka 1991, waliirekodia sauti zao. Leo unaweza kuicheza kwenye skrini bila kuiona meza yenyewe maishani mwako. Ukiifungua mara ya kwanza unakutana na jumba lililochorwa katikati ya ubao, kiti cha umeme, kabati la vitabu linalozunguka, kinamasi, na kisanduku ambacho mkono hutoka ndani yake ukaunyakua mpira kwa sumaku. Kila kitu kinawaka taa. Mgeni hajui aanzie wapi.

Kwenye meza halisi kuna kadi ndogo chini ya kioo, karibu na flipa, yenye mistari michache ya maelekezo. Kadi hiyo ilimtosha mtu aliyesimama na sarafu mkononi. Toleo la kwenye skrini huwa na kurasa zake za maelezo, lakini uziingie kupitia menyu, usome, utoke, na ukirudi mchezoni umeshasahau nusu ya ulichosoma. Pengo hilo lilizibwa na wachezaji wenyewe. Tangu miaka ya 1990 waliandika kanuni za meza moja moja kwa maandishi matupu, wakatumiana kwa kompyuta: hapa ukipiga mara ngapi taa inawaka, pale ukiingiza mpira unapata nini, njia ipi ina hatari. Waliandika kwa uvumilivu wa ajabu. Programu ya PinMAME inaendesha kwenye kompyuta yale yale maagizo yaliyokuwa kwenye chipu za meza halisi, kwa hiyo kanuni iliyoandikwa miaka 30 iliyopita bado ni sahihi kwa anayecheza leo.

Kilicho dhaifu ni mahali zinapokaa kanuni hizo. FarSight Studios walianza kuuza mchezo wa The Pinball Arcade mwaka 2012, wakiwa na meza nyingi zenye majina ya Williams na Bally. Leseni ilipokwisha, meza hizo hazikuuzwa tena humo baada ya tarehe 30 Juni 2018, na mwaka huohuo Zen Studios wa Budapest wakaanza kutoa meza za Williams kwenye mchezo wao wa Pinball FX3. Waliokwisha kununua kwa FarSight walibaki na meza zao. Lakini mchezo ukishaacha kuuzwa, watu wanaoushughulikia wanapungua, na kurasa zinazouelezea hukosa mwenyewe. Siku moja unabonyeza kiungo, hakuna kitu. Nakala iliyo kwenye diski yako haihitaji ruhusa ya mtu ili ifunguke, wala haili bando.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Asiyejua anadhani kutengeneza nakala ni kuhifadhi ukurasa basi. Ukurasa uliohifadhiwa hivyo hivyo unakuja na menyu, matangazo, vibonye visivyobonyezeka, na picha ambazo kumbe hazikushuka pamoja nao. Ukiufungua safarini unaona visanduku vitupu mahali pa picha. Mwandaaji mzuri anaanza kwa kuondoa, na hapo ndipo unamjua. Anafuta kila kisichohusu meza, lakini haligusi jina la mwandishi, tarehe, wala mstari unaosema kanuni ni za toleo gani. Mstari huo ndio uti wa mgongo wa nakala. Meza moja ikipita kwa kampuni mbili inaweza kubadilika uzito wa mpira, kasi, hata mahali mpira unapotulia. Msomaji asipojua ushauri uliandikwa kwa toleo lipi, atauamini mahali usipofaa.

Kisha inakuja picha ya meza kutoka juu. Napenda kuitazama sehemu hii kuliko nyingine zote. Picha hupigwa mpira ukiwa haujatoka na kamera ikiwa imewekwa juu kabisa ili ubao mzima uonekane, halafu juu yake hupachikwa namba. Mtu wa haraka huweka namba juu ya kitu chenyewe: namba 4 kwenye kiti cha umeme, namba 7 juu kabisa ya rampu, pale penye mapambo. Fundi haweki hivyo. Anaiweka namba mdomoni, pale mpira unapoingilia. Kiti cha umeme kinavuta jicho, lakini mchezaji hakilengi kiti, analenga tundu lililo miguuni pake. Rampu nayo inang'aa kule juu, ilhali kinachoamua ni upenyo wa chini, ambao ukikosewa kidogo tu mpira unagonga ukingo na kurudi moja kwa moja katikati ya flipa. Ukiona namba imekaa mdomoni, jua aliyeiweka amekosa pigo hilo mara nyingi akajifunza.

Namba zenyewe zina mpangilio. Nakala nzuri huzihesabu kutoka kushoto kwenda kulia kwa jinsi flipa inavyoweza kufikia, kiasi kwamba msomaji akikumbuka namba anakumbuka na upande. Rangi ya duara inachaguliwa isigongane na taa za meza: kwenye ubao wenye zambarau na njano nyingi kama huu, duara jeupe lenye ukingo mweusi linasomeka hata kwenye simu ya skrini ndogo, hata juani. Ni jambo dogo, na limewashinda wengi.

Baada ya picha, mpangilio wa maneno. Kanuni nyingi za zamani ziliandikwa kama orodha ya vifaa, kila kifaa na kazi yake, na kwa mtafiti hilo lina faida. Mchezaji ana swali jingine: nifanye nini na mpira huu wa kwanza? Mwandaaji anayeelewa hili haandiki upya kazi ya mwenzake. Anaiacha ilivyo, kisha anatanguliza ukurasa mmoja wa kwake, na anausaini ili ijulikane ni wake. Kwa The Addams Family ukurasa huo unaweza kuanza hivi: piga kabati la vitabu hadi herufi za GREED zikamilike; kabati litazunguka na kufungua hazina; ingiza mipira humo, wa tatu ukiingia utaachiwa yote mitatu kwa pamoja. Wakati huohuo kiingilie kiti cha umeme kila taa yake inapowaka, kwa maana kila mara utapewa chumba kimoja cha jumba.

Halafu vyumba, 12 kwa jumla. Kuna vitatu vinavyotoa alama papo hapo, milioni 3, 6 na 9, na kuna vinavyofungua mchezo ndani ya mchezo: The Mamushka, Seance, Hit Cousin It na vinginevyo. Nakala bora huvitenga makundi hayo mawili, maana chumba cha alama hakikudai kitu, ila chumba cha mchezo kinakupa muda mfupi na lazima ujue mara moja unapiga wapi. Majina yanaachwa kama yanavyowaka kwenye meza, na kila jina linafuatwa na namba ya kwenye picha. Kwa Seance inaongezwa tahadhari kwamba sumaku zilizofichwa chini ya ubao zitauyumbisha mpira, kwa hiyo usipige kwa mazoea. Ukimaliza vyumba vyote unafunguliwa Tour the Mansion. Yote hayo yakikaa kwenye ukurasa mmoja, bila kusukuma skrini, mwandaaji amefanya kazi yake.

Kuna utaalamu mwingine ambao hauonekani hadi ukosekane. Wale waandishi wa zamani walichora meza kwa herufi na alama za kibodi: mikwaju, mistari, vinyota, mabano. Michoro hiyo inasimama kwa sababu kila herufi inachukua upana uleule na mstari una nafasi zisizofika 80. Ibandike kwenye simu yenye fonti ya kawaida na meza nzima inaporomoka. Flipa ya kushoto inahamia kulia, rampu inakatika vipande viwili. Fundi anayeheshimu mchoro huo anaufungia fonti yake ya upana sawa na kuupa ukurasa uliolala ili mstari usivunjike. Wapo wanaoufuta na kuweka picha ya rangi. Mimi naona wanakosea. Mchoro ule unaonyesha nini mwandishi aliona ni muhimu na nini aliacha, na picha haina uamuzi huo ndani yake.

Fonti inapaswa kusafiri ndani ya faili. Muundo wa PDF/A, uliopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2005, unadai hivyo hasa: fonti ziwe ndani, na kuonekana kwa ukurasa kusitegemee kitu chochote kilicho nje ya faili. Viungo vilivyokuwa vikienda mtandaoni hugeuzwa kuelekea kurasa za ndani, ili ukigusa namba 4 kwenye picha ufike kwenye aya ya kiti cha umeme, na ukigusa tena urudi kwenye picha. Safari ya kurudi ndiyo inayosahauliwa. Mchezaji aliyesimamisha mchezo hana muda wa kuitafuta picha upya.

Video ni ngumu zaidi. Baadhi ya mafunzo bora ya pinboli yapo kwenye video, kama yale ambayo bingwa Bowen Kerins aliyafanya akicheza na kueleza kila pigo. Video ni nzito kuibeba na haitafutiki kama maandishi. Kwa hiyo mwandaaji anaitazama, anairudisha nyuma, anaisimamisha, na kuandika sentensi moja kwa kila pigo: mpira uachwe udunde kutoka flipa moja hadi nyingine bila kupigwa, au ushikwe kwa flipa iliyoinuliwa hadi utulie, ndipo ulenge. Sentensi kama hiyo inaweza kugharimu nusu saa. Ukiisoma huoni jasho lolote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwisho ni majaribio. Simu inawekwa hali ya ndege, faili linafunguliwa, kila kiungo kinaguswa, kila picha inakuzwa. Kisha linapelekwa kwenye simu ya mtu mwingine, ya zamani zaidi, na zoezi linaanza upya. Baada ya hapo mwandaaji anakaa kwenye meza na kuufuata mwongozo wake neno kwa neno, kama mgeni. Unaposema taa itawaka, iwake.

Sisi wa Afrika Mashariki wengi tuliingia kwenye pinboli kwa mlango wa 3D Pinball: Space Cadet, iliyokuja ndani ya Windows XP maofisini na kwenye mikahawa ya intaneti. Z na alama ya mkwaju kwa flipa, kitufe kirefu cha nafasi kwa kurusha. Nimekutana na watu walioucheza mchezo huo kwa miaka wakidhani kazi yake ni kugonga na kukusanya alama tu. Kumbe ulikuwa na madaraja tisa, kutoka Cadet hadi Fleet Admiral, na ili kupanda ulichagua jukumu kwa kupiga shabaha zake, ukalipokea kwa kupandisha mpira kwenye rampu ya kurushia, kisha ukalitimiza. Mwongozo wake ulikuwa humohumo kwenye kompyuta, haukuhitaji mtandao. Windows Vista ilipokuja, mchezo haukuwemo tena, na watu wakaanza kuuhamisha kwa flashi kutoka mashine kuukuu. Walinakili folda ya mchezo wakaacha mwongozo, kwa sababu faili la msaada lilikaa kwenye folda nyingine ya Windows.

Kama bado unayo kompyuta ya XP stoo, iwashe kabla diski haijafa. Nakili mchezo, kisha lifuate na faili la msaada, uliweke katika folda hiyohiyo. Ukishalifungua kwenye mashine nyingine na kuona kurasa zote zinasomeka, mpe na mwenzako.