Kabureta Iguswe Mwisho

Datsun 240Z ile iliingia Kongo, Kawangware, Nairobi, ikimisi. Ikisimama injini ilitetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, na ikipanda mlima kwa gia ya tatu ilikata pumzi, ikatema moshi mweusi, kisha ikashika tena. Mwenye gari alikuwa amekwisha kulipa mafundi watatu. Wote walifungua boneti, wakachukua bisibisi na kuanza kuzungusha kabureta ya nyuma.

Fundi wa Kongo aliuliza kabla ya kugusa chochote. "Mzee, hii kabureta imeguswa na wangapi?"

"Watatu, fundi."

"Sawa. Basi mimi nitaigusa mwisho."

Nilishinda pale siku mbili nikitazama. Vifaa vyake vilikuwa vichache na vya kawaida. Lililoniweka pale ni mpangilio wa kazi yake: nini alikipima kwanza, nini alikiacha kisubiri, na kwa nini. Nimeona magari mengi ya zamani yakiharibiwa na mikono yenye ujuzi lakini yenye haraka, na ningependa kila anayemiliki gari la aina hii aujue mpangilio huo.

Kwanza gari lenyewe. 240Z ilitoka Japani mwishoni mwa 1969, kupe ya milango miwili yenye boneti ndefu, uzito wa tani moja na ushei, injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliishinda nayo Safari Rally, Shekhar Mehta akiwa wa pili kwa gari la aina hiyohiyo. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta na Lofty Drews, tena kwa taabu, maana walilingana alama na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Mehta aliishinda Safari mara 5 kwa jumla. Wengi Nairobi waliijua Z ikiwa imepakwa matope hadi kwenye kioo kabla hawajaijua kwa rangi yake, na mapenzi hayo ndiyo yanayozifanya zilizobaki zitunzwe hadi leo.

Sasa, kwa nini kila fundi alikimbilia kabureta? Kwa sababu moshi mweusi una maelezo rahisi katika mji huu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Kabureta mbili za Z, zilizoundwa na Hitachi kwa mtindo wa SU wa Uingereza, zina pistoni inayopanda kwa mvuto wa hewa, na chini ya pistoni hiyo kuna sindano nyembamba inayochomoka kwenye tundu la petroli. Sindano ikipanda, petroli huongezeka. Lakini sindano haijui hewa ina uzito gani. Inatoa petroli ileile ya Mombasa kwa hewa pungufu ya Nairobi, na injini inalishwa kupita kiasi. Kwa hiyo fundi akiona moshi anasema ni mwinuko, anapandisha nati ya chini kupunguza petroli, na mara nyingi anakuwa sahihi. Safari hii kulikuwa na ugonjwa mwingine uliojificha nyuma ya huo.

Fundi wetu aliiacha injini ipate moto vizuri, akatoa plagi zote sita na kuzipanga juu ya gunia kwa namba zake. Tano zilikuwa na weusi mkavu. Ya silinda ya 5 ilikuwa imelowa. Akafunga geji ya kompresheni, mwenye gari akakanyaga mafuta hadi chini na kupiga stata. Silinda tano zilisoma kati ya pauni 145 na 150. Kitabu cha gari kinataja zaidi ya 170, na mtu asiyefikiri angeweza kusema injini imekwisha, lakini tarakimu hizo za kitabu ni za usawa wa bahari, na hapa zikisoma hivyo ni nzima. Silinda ya 5 ilisoma 110.

Kompresheni ikishuka kwenye silinda moja, kwa kawaida upepo unapita kwenye ringi za pistoni au kwenye valvu. Fundi alimimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya 5, akapima tena. Oili huziba ringi kwa muda, kwa hiyo kama ringi ndizo mbovu, namba ingepanda. Ilibaki 110. Kwa kijiko kimoja cha oili alikuwa ameondoa nusu ya maswali, na nusu ya gharama ambayo mzee alikuwa akiihofia.

Akafungua kifuniko cha valvu. Injini ikiwa na moto, valvu ya kuingizia hewa hutakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.25, na ya kutolea moshi 0.30. Kwenye valvu ya moshi ya silinda ya 5, bati la kupimia la 0.30 lilikataa, la 0.25 likakataa, na hata la 0.10 lilikataa. Valvu ile ilikuwa haifungi sawasawa. Chanzo chake nakihusisha na petroli. Injini hii ilibuniwa enzi za petroli yenye risasi, na risasi ilikuwa ikikilinda kiti cha valvu kisilike. Kenya iliachana na petroli hiyo mwaka 2006. Tangu hapo viti vya injini kuukuu ambavyo havijabadilishwa hulika kidogokidogo, valvu inazama, shina lake linapanda, na nafasi inazibika bila kelele yoyote. Nasisitiza hilo la kelele, maana valvu iliyolegea hugonga na kila mtu huisikia, ilhali iliyobana hukaa kimya hadi iungue.

Alishika nati ya kufungia kwa spana ya 17, akazungusha egemeo kwa spana ya 14, nywele kwa nywele, hadi bati la 0.30 likapita kwa kukwaruza kidogo. Kompresheni ya silinda ya 5 ikapanda hadi 140.

Hapo ndipo kosa la wale watatu lilipoeleweka. Kabureta ya mbele hulisha silinda ya 1 hadi ya 3, na ya nyuma hulisha ya 4 hadi ya 6. Silinda ya 5 isipochoma petroli yake, dalili zote huelekeza kidole kwenye kabureta ya nyuma. Waliizungusha, ikatoka kwenye ulingano na mwenzake, na gari likawa na magonjwa mawili badala ya moja.

Moto wa umeme haukumchukua muda. Pointi zilikuwa zimechimbika. Alizibadilisha na kuziweka kwenye nusu milimita. Kisha akanyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio ya manifoldi, injini ikiunguruma. Mahali pamoja mlio ulibadilika: gasketi ilikuwa inavuta hewa. Kijana aliyetoka Kibera na karatasi ya gasketi alikata mpya palepale. Aliilaza karatasi juu ya chuma chenyewe na kugonga kingo zake kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, taratibu, hadi karatasi ikajikata kwa kufuata umbo la chuma. Haikuchukua dakika 10, na ilikaa barabara.

Ndipo zamu ya kabureta ilipofika. Alisafisha pistoni zote mbili, akatia oili nyepesi kwenye mirija yake, akakaza nati za chini hadi mwisho na kuzirudisha mizunguko miwili na nusu kila moja, ili zote mbili zianze sawa. Kisha akachukua kipande cha bomba la mpira. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, halafu ya nyuma, akisikiliza mfyonzo wa hewa. Matatu zilikuwa zikipita kwa honi. Kila moja ilipopita alisimama akangoja, macho amefumba. Aligusa skrubu mara nne, labda tano, hadi sauti mbili zikawa moja. Mwishowe aliinua kila pistoni kwa kipini chake, kiasi cha milimita moja. Injini ikipanda mbio na kubaki juu, petroli imezidi, ikizimika, imepungua, ikipanda kidogo na kutulia, iko sawa. Kwa hewa ya Nairobi alilazimika kupandisha nati zote mbili kidogo, kwa kipimo kilekile.

Mzee aliomba pia bushi za nyuma zibadilishwe, kwa kuwa gari lilikuwa likiyumba kwenye kona. Fundi alikubali, kisha akasita. Mkono wa chini wa nyuma wa Z umeshikwa na pini ndefu inayopita ndani ya chuma, na baada ya miaka 50 pini hiyo huwa imeshikana na kutu. Ukiipiga nyundo, kichwa chake kinapanuka kama uyoga na haitoki tena. Alisema atamwendea fundi wa mashine ya leth amtengenezee kifaa cha kuivuta. Mzee hakufurahi kuambiwa arudi wiki ijayo, lakini nafikiri fundi alikuwa na haki kabisa.

Kabla ya kufunga boneti alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu kompresheni za silinda zote sita, nafasi za valvu na mizunguko ya nati za kabureta, akakibandika ndani ya boneti. Namba ya silinda ya 5 aliizungushia duara. "Kilomita 3,000, mzee, uniletee tuipime tena hii. Ikiwa imebana, hedi itashuka."