Uhakiki wa Vielekezi na Parameta Zinazobadilishwa katika Lugha ya C

Uhakiki huu unachunguza namna lugha ya C, iliyoundwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, inavyoshughulikia parameta ambazo fanksheni inakusudiwa kuzibadili. Katika C, kila parameta hupokea nakala ya thamani. Fanksheni ya kubadilishana thamani za vibadilika viwili haina budi kupewa anwani za vibadilika hivyo. Ikipewa thamani tu, hubadili nakala na kuviacha vyenyewe kama vilivyokuwa.

Ubora wa utaratibu huu ni uwazi. Alama ya anwani humwonya msomaji, pale pale fanksheni inapoitwa, kwamba kibadilika kinaweza kuguswa. Pascal ya Niklaus Wirth hutangaza jambo hilo kwa neno var katika tamko la parameta, lakini mahali pa kuita hapaonyeshi lolote.

Hata hivyo, uwazi huo una kasoro mbili. Kwanza, safu hupitishwa kama kielekezi bila alama hiyo, hivyo onyo hutoweka. Pili, aina ya kielekezi haibainishi iwapo kimetolewa kwa kusomwa au kwa kuandikiwa, wala iwapo kinaweza kuwa tupu. Neno const, lililomo katika kiwango cha ANSI cha 1989, hutibu suala la kusoma na kuandika pekee, tena kwa hiari ya mwandishi wa programu.

Inahitimishwa kwamba kielekezi cha C kimebebeshwa dhana nyingi kwa pamoja. Ruhusa ya kubadili ilistahili alama yake yenyewe, kama ilivyojaribiwa baadaye katika Rust.