Mgeni Katika Nyumba ya Sala

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hii humsifu mgeni, lakini pia humtwika deni: yampasa kuja kwa namna itakayomfaa aliyemkaribisha. Nimeifikiri mara nyingi tangu nilipofuatana na wanachuo wetu wa ualimu, wengi wao wazaliwa wa Migori na Homa Bay, kwenda Kampala kuutazama Msikiti wa Taifa wa Uganda. Katika insha hii nataka kupima mambo mawili: jengo lenyewe, na namna sisi wageni tulivyolitazama.

Msikiti huo umesimama juu ya kilima cha Old Kampala, mahali ambapo Kapteni Lugard alijenga ngome mwaka 1890. Ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970, zama za utawala wa Idi Amin, ukakwama kwa miaka mingi, kisha ukamalizwa kwa fedha za Libya na kufunguliwa. Kwa muda uliitwa kwa jina la Muammar Gaddafi. Baada ya kifo chake mwaka 2011 jina hilo liliondolewa, wala sala hazikukoma. Kwa hiyo anayetaka kulihukumu jengo hili kwa jina la mfadhili wake tu atakuwa amepima ganda akaacha kiini.

Uzuri wake hauna shaka. Kuba, matao na taa kubwa za vioo hulivuta jicho juu, na ukumbi ni mpana hata maelfu ya watu waweza kusali pamoja. Lakini sifa yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba fahari yote hiyo yaelekea upande mmoja, upande wa mihrabu, inayoonyesha kibla. Hamna safu za viti, wala sanamu, wala mahali palipotengwa kwa matajiri. Waziri na mchukuzi huweka vipaji vyao vya uso juu ya zulia moja. Ni jengo kuu lisilo na kiti cha mkubwa, na hapo ndipo penye sanaa yake.

Je, sisi tuliyaona hayo? Kwa kweli, hatukuyaona. Tulivua viatu, na wasichana wakajifunika mitandio kama ilivyo desturi. Lakini mara tulipoingia tuliharakisha kuufikia mnara wenye ngazi 304. Kutoka juu twaliviona vilima vya Namirembe, Rubaga na Kibuli, kila kimoja na nyumba yake ya ibada. Mandhari yale yapendeza sana. Hata hivyo, mnara wa msikiti ni wa kuwaita watu kwenye sala, nasi tuliutumia kama mti wa kupandia ili tuone mbali. Niliposoma madaftari ya wanachuo jioni, karibu kila moja lilikuwa na ile 304, na mengi hayakuwa na neno juu ya ukumbi.

Mwanachuo mmoja hakupanda. Yeye ni Mwislamu wa Homa Bay. Wakati sisi twahesabu ngazi, alitawadha akasali adhuhuri. Nilipomwuliza kama hakujuta kuikosa mandhari, alijibu kwa adabu: "Mwalimu, mimi nimefurahi. Ila nashangaa kidogo. Wenzangu wa Homa Bay hupita mlangoni mwa msikiti wetu kila siku ya soko, wala hakuna aliyepata kuniuliza ndani mna nini. Leo wamesafiri hata nchi nyingine kuuona msikiti." Wenziwe walisikia, wakanyamaza. Nami nilinyamaza, maana nilikuwa nimeupita mlango ule miaka mingi kuliko wao.

Tuliporudi niliwakumbusha Thimlich Ohinga, boma letu la mawe katika Migori, lililoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zake zilipangwa yapata miaka 500 iliyopita, jiwe juu ya jiwe, bila udongo wa kushikiza. Milango yake ni mifupi, hata aingiaye hana budi kuinama. Waliojenga walitaka kumzuia adui asiingie kwa kishindo. Lakini hata mgeni mwema huinama. Vivyo hivyo mlango wa msikiti hutuamuru kuvua viatu. Nyumba huanza kusema na mwili wa mgeni kabla ya macho yake, naye apitaye mlangoni bila kusikiliza hatafahamu yaliyomo, hata akihesabu kila ngazi.

Basi, msomaji, ukubwa wa jengo ni habari tu, si hukumu. Ukiingia katika nyumba ya ibada isiyo yako, uliza: yaniamuru nini? Yawaelekeza wenyewe wapi? Yawaweka vipi wao kwa wao?

Majuma machache baadaye wanachuo wanne waliomba ruhusa kwa wazee wa msikiti wa Homa Bay, wakakaribishwa. Walivua viatu, wakaketi nyuma kwa utulivu, mwenzao akawaeleza. Ukumbi ule si mkubwa, wala hapakuwa na ngazi za kuhesabu. Lakini mihrabu yake yaelekea Makka, kama ile ya Kampala, na safari hii madaftari yao yalijaa.