Mkulima wa Kimuli si 1 wala si 0

Ukisoma tasnifu tano za uzamili kuhusu kwa nini wakulima wadogo wanakubali kuhifadhi udongo na maji, umezisoma karibu zote. Dodoso kwa kaya mia na kitu, kisha modeli ya lojiti: kaya iliyochimba fanya juu au kutandaza majani inapewa 1, isiyofanya inapewa 0. Vinafuata umri, elimu, ukubwa wa shamba, kutembelewa na bwana shamba. Hitimisho unalijua kabla hujafika ukurasa wa mwisho: elimu iongezwe.

Mimi nagombana na hiyo 1 na 0.

Chukua Kimuli, iliyokuwa Karagwe hadi Kyerwa ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 2012. Huku familia ina kibanja, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, na kahawa na maharage humo humo. Kibanja kinalishwa: samadi, maganda ya ndizi, majivu, nyasi zilizokatwa mlimani. Matandazo yanavunja nguvu ya tone la mvua, maji yanazama badala ya kutiririka, na unyevu unadumu. Huo ni utaalamu wa zamani, miradi imeukuta. Sasa panda mteremko hadi kwenye mahindi ya mkulima yuleyule. Usishangae kukuta udongo mtupu. Elimu ni ileile, umri uleule, bwana shamba yuleyule. Haya, mwandikie namba.

Kibanja kinarithiwa, na kiko mlangoni, kwa hiyo ndoo ya samadi haiendi mbali. Kipande cha mlimani kinaweza kuwa cha kukodi kwa msimu, wakati fanya juu inadai siku nyingi za jembe na ngazi yake hujijenga kwa miaka. Nani achimbe mtaro ili mwenye ardhi aje kuvuna? Tena kuna jambo ambalo modeli hailioni kabisa: nyasi za kibanja zinatoka mlimani, maana yake rutuba inahamishwa. Kaya inapata 1 kwa matandazo, na mlima ulionyolewa hauna safu kwenye jedwali.

Sipuuzi mafunzo. Mradi wa Kagera TAMP wa FAO, uliogusa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, ulitumia shamba darasa, na mkulima akijaribu mwenyewe anajifunza kuliko semina ya chai na maandazi. Ninachokataa ni kusoma kila 0 kama ujinga. Everett Rogers, mwandishi wa kitabu maarufu cha 1962 kuhusu kuenea kwa ubunifu, mwenyewe alionya baadaye kwamba watafiti huchukulia tu kuwa kila jambo jipya ni jema. Sisi tuna mfano mkali zaidi: Uluguru, 1955. Wakoloni walilazimisha matuta ya ngazi, kazi ilikuwa nzito, na kwenye udongo ule mwembamba kuchimba kulileta juu tabaka lisilo na rutuba. Watu waliandamana. Kwenye jedwali letu wangekuwa 0 wote.

Kwa hiyo wewe unayeandaa dodoso sasa hivi, uliza kwa kila kipande cha shamba, uliza ni cha nani, na nyasi zimetoka wapi. Halmashauri ikisoma "elimu iongezwe" itatenga fedha za semina, na huenda mkulima alichokosa ni toroli ya kupandisha samadi mlimani.