Pilipili na Kitendawili Chake

Siku hizi hakuna kazi nyepesi kama kukifanya kitu kidogo kionekane kikubwa. Simu ya mkononi yatosha, na lenzi ya kubandika juu yake huuzwa kwa bei ya nafuu. Ndiyo maana jicho la nzi, tone la umande juu ya asumini na chavua miguuni mwa nyuki vimepigwa picha mara zisizo idadi, na kila picha ni safi, ni angavu, na ni sawa na mwenzake. Mtazamaji hushangaa, hugeuza ukurasa, husahau. Je, katika fani hii ya picha za karibu sana, ambayo malighafi yake ni vitu vilivyomo jikoni na uani mwa kila mtu, upekee hutoka wapi?

Wapo wanaojibu kuwa hutoka katika kitu chenyewe: atafutwe mdudu asiyejulikana, au ua la msitu wa mbali. Jibu hili lina kasoro, kwani kitu kigeni hustaajabisha kwa ugeni wake, na sifa huwa ya mdudu, si ya mpigapicha. Waliojenga jina katika fani hii aghalabu walifanya kinyume.

Edward Weston, Mmarekani wa California, alichagua pilipili boga, ile ambayo bara huitwa hoho. Alikwisha kuzipiga picha pilipili mwaka 1927 na 1929. Mwaka 1930 akazirudia, na mwanzoni mwa Agosti, katika siku chache tu, akapiga picha zisizopungua 30. Kilichomsumbua hakikuwa pilipili bali kilichokuwa nyuma yake. Akiiweka mbele ya kitambaa au kadibodi nyeupe, ilijitenga kwa ukali, mfano wa kitu kilichokatwa kwa mkasi kikabandikwa. Hatimaye akaiweka mdomoni mwa faneli kubwa ya bati iliyolazwa ubavu. Bati likaurudisha mwanga kutoka pande zote, nao ukaizunguka mikunjo ya pilipili polepole na kuipa uzito. Picha iliyotoka humo ina jina kavu kabisa, Pilipili Namba 30, na nambari hiyo yatosha kumjulisha msomaji kuwa zilikuwapo nyingine kabla yake. Washairi hawatalistaajabia jambo hili. Vina na mizani ni mali ya wote, mapenzi na mauti ni mada za wote, na bado beti za mmoja hutambulikana katikati ya beti za mia.

Karl Blossfeldt (1865–1932) alikifikia kitu kama hicho kwa njia nyingine. Mjerumani huyu hakusomea upigaji picha. Ujanani alijifunza kazi katika kiwanda cha kusubu chuma cha mapambo, na baadaye akafundisha ufinyanzi wa maumbo ya mimea katika shule ya sanaa mjini Berlin. Kwa miaka ipatayo 30 alikusanya magugu na mimea ya kawaida, akaipiga picha kwa kamera aliyojiundia, mbele ya karatasi tupu, kusudi wanafunzi wake wapate vielelezo. Alikwisha kupita miaka 60 kilipotoka, mwaka 1928, kitabu chake *Urformen der Kunst*, chenye picha 120. (Neno la kwanza la jina hilo humtaabisha mfasiri: si umbo tu, ni umbo la awali ambalo mengine yote yamezaliwa nalo.) Mna humo vikono vya mboga, zile nyuzi ambazo mmea wa boga hujishikia, vimejikunja mithili ya chuma kilichofuliwa kwa ajili ya lango. Yamkini ni mtu aliyefanya kazi ya chuma tu angeliona lango hilo mahali ambapo wengine wanaona tambaa la uani.

Hata hivyo, katika kufanana huko mna hatari. Picha nyingi za aina hii ni vitendawili. Mpigapicha hutega, mtazamaji hubahatisha: ni ngozi? ni jangwa? Kumbe ni ganda la chungwa. Jibu likipatikana, mchezo umekwisha, na hapana anayeomba kutegwa tena kitendawili alichokwisha kukitegua. Baadhi ya kurasa za Blossfeldt nazo zimeanguka shimoni humo. Kwa mfano, kangaga changa lililojikunja kama bakora ya askofu halina la kuongeza baada ya kutajwa bakora. Pilipili ya Weston imeokoka. Watu waliona humo mgongo wa mwanadamu, mabega, hata mambo ya faragha. Weston akachukizwa, akishikilia kuwa pilipili ni pilipili. Mtu ana haki ya kumwamini nusu. Lakini hata aliyeona mgongo hulazimika kurudi kwenye pilipili, akaiona upya, na picha haimwachii.

Pana shutuma nyingine inayostahili kupimwa. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, alipata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji tarehe 15 Januari 1885, na maishani mwake akapiga zaidi ya 5,000. Alikuwa akiikwangua negativu pembezoni mwa chembe ili isimame juu ya weusi mtupu, na alichagua zilizokamilika. Wanasayansi wa Ujerumani wakamlaumu. Katika sayansi lawama hiyo ina uzito. Katika sanaa haina, kwani kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Blossfeldt naye aliyapunguza majani yaliyomzuilia umbo alilolitaka.

Visiwani, kitu kilichopuuzwa kwa kujulikana mno ni karafuu. Katika kadi za watalii ni majamvi yaliyoanikwa kando ya barabara za Pemba, basi. Karafuu moja kavu, ikisogezewa lenzi, huonyesha kichwa cha mviringo kilichoshikwa na meno manne, kama kito katika pete. Pete hiyo ataipata kila mtu siku ya kwanza. Atakayerudi siku ya kumi, pete ikiwa imekwisha kumchosha, huenda akaiona karafuu yenyewe: imenywea, ina mikunjo ya ngozi, na jino moja limevunjika.