Kuuguza Kuku ni Ufundi

Wengi humhesabu kuku kuwa kitoweo kisichofika jikoni bado, na anayemuuguza huonekana mtu mwenye wakati wa kupoteza. Mimi nashikilia kwamba kumtibu kuku wa uani ni ufundi kamili, na kipimo chake ni kupambanua: lipi la kutibiwa kwa mkono, lipi la dawa, na lipi lisilo na tiba ila kinga. Ufundi huo huanza machoni, kwani kuku huficha ugonjwa. Akionyesha unyonge, wenzake humdonoa. Mfugaji hodari hangoji mtetea ajikunyate pembeni. Tundu likifunguliwa asubuhi, hutazama nani amechelewa kutoka, undu wa nani umepauka, kinyesi cha nani kimebadilika. Kisha humshika, akampapasa gole na kidari, maana manyoya husitiri ukondefu.

Tuchukue mfano wa unyayo. Katika nyua za Kizingo, Mombasa, zilizosakafiwa kwa saruji, kuku anayeruka kutoka ufito mrefu wa kulalia huchubuka chini ya mguu. Vijidudu huingia, na uvimbe hutunga usaha wenye kigaga cheusi katikati. Fundi humfunika mbawa kwa kitambaa ili atulie, huroweka mguu katika maji vuguvugu ya chumvi, huusafisha kwa ayodini, hufunga bendeji isiyobana, kisha huushusha ule ufito. Asipoushusha, uvimbe utarudi. Hali ni hiyo hiyo kwa jeraha la kunguru wa Kihindi, ndege aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na baadaye akaenea Mombasa, ambaye huwashambulia vifaranga. Kifaranga aliyetoka damu hutengwa kwanza, kwa kuwa wekundu wa kidonda huwavuta wenzake kumdonoa zaidi. Akishaoshwa, hutandazwa wavu juu ya tundu. Tiba isiyogusa chanzo ni nusu ya tiba.

Atauliza mtu: kuku akiugua, si achinjwe upesi kabla hajafa kibudu? Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu hakuna apendaye kutupa nyama. Lakini ugonjwa ukiwa ni kideri, haraka hiyo ndiyo hueneza msiba. Virusi vyake hukaa katika kinyesi, matumbo, manyoya na maji ya kuoshea, na katika mitaa iliyosongamana kama Mji wa Kale wa Mombasa huvuka kwa kandambili na vikapu hadi kwa jirani. Dalili zake ni kuhara kijani, kukoroma, mbawa kulegea na shingo kupinda, na kundi lisilochanjwa huweza kufa karibu lote.

Wengine watatetea muarobaini na shubiri. Mimea hiyo ina heshima yake pwani, lakini hakuna jani linaloponya kideri, wala kiuavijasumu hakiui virusi. Kumnywesha kuku vidonge kwa kubahatisha huacha mabaki ya dawa katika mayai na kuvifunza vijidudu usugu. Kilichopo ni chanjo. KEVEVAPI, taasisi ya kutengeneza chanjo za mifugo, huitengeneza hapa Kenya, na ile ya aina ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine nyingi, ilikusudiwa hasa kuku wa vijijini: tone moja jichoni kwa kuku aliye mzima, na kurudiwa kila miezi mitatu au minne.

Linabaki swali la gharama. Ni kweli kwamba kumwita daktari wa mifugo huweza kupita bei ya kuku mmoja. Hata hivyo sehemu kubwa ya ufundi huu ni macho, maji, chumvi, kivuli, sakafu kavu na utengaji, na daktari huitwa pale kundi zima linapokuwa hatarini. Kuku wa mjini hawajui mipaka ya ukuta, wala maradhi yao hayaijui. Anayechanja mapema na kumtenga mgonjwa huwapunguzia hatari hata majirani asiowajua, na kwa hilo pekee anastahili heshima tunayompa fundi yeyote.