Nani Humsamehe Nani? Uhakiki wa Kitenzi "Kusameheana" katika Mahubiri ya Amani Sudan Kusini

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili cha mahubiri ya amani kinavyomtaja aliyeteseka bila kosa. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kusameheana, kinachopendwa mno na wapatanishi, humtwika asiye na hatia mzigo usio wake.

Tarehe 16 Agosti 2021, Masista Mary Daniel Abut na Regina Roba wa Shirika la Moyo Mtakatifu waliuawa katika barabara ya Nimule kwenda Juba, wakitoka kuadhimisha miaka 100 ya Parokia ya Loa. Kiambishi cha kutendana hudai pande mbili zinazotendeana jambo lile lile. Hivyo anayesema "tusameheane" amekwisha kudokeza kwamba kila upande umekosa. Viongozi waliopigana tangu Desemba 2013 wanaweza kuambiana hivyo. Aliyeuawa njiani hana cha kusamehewa, wala hana tena kinywa cha kusamehe.

Mapokeo ya Kikristo yenyewe hayaungi mkono usawa huo. Msalabani Yesu hasameheani na wauaji wake. Anawaombea kwa Baba. Mwenye kuteswa ndiye mtenda, naye hutenda kwa hiari, si kwa amri ya Pilato.

Hotuba ya Papa Francis katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, Kator, tarehe 4 Februari 2023, inafuata mkondo huu. Akizungumza na maaskofu, mapadre na watawa, aliijenga juu ya Musa na mikono yake. Kuombea, kwa maelezo yake, ni kushuka na kusimama katikati ya watu, bila kunyamazia dhuluma. Kauli hapa ni ya kutendea: kazi inamwangukia mchungaji, si majeruhi. Hata hivyo, kitenzi hiki nacho kina hatari yake. Kumwombea msamaha mkosaji ambaye hajaungama ni kumsemea aliyedhulumiwa bila idhini yake.

Suala hili linavuka mipaka ya kanisa. Sura ya 5 ya Mkataba wa Amani wa Septemba 2018 inataja Tume ya Ukweli, Maridhiano na Uponyaji, Mahakama ya Mseto na Mamlaka ya Fidia. Kiswahili kina pia msamaha wa Rais na msamaha wa kodi. Nomino hiyo moja ikitumika ovyo katika tafsiri za sheria, dola itaonekana kusamehe kwa niaba ya mjane.

Tunapendekeza basi kwamba kusameheana kubaki kwa makundi yaliyopigana; hatua ya dola iitwe kufutiwa mashtaka au kupunguziwa adhabu; na kusamehe kuachwe kwa aliyedhulumiwa, atakapotaka, bila kumfungia mlango wa mahakama wala wa fidia.